Hewa Ilipomkataa Dismasi

Calixte alijikata mguu kwa jembe saa tatu asubuhi, akichimba choo kwenye kambi ya muda ya wakimbizi pale Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1996. Dismasi, dresa wa kambi, mwenye kazi ya kufunga vidonda, alifuta damu akampiga nyuzi saba bila kutoa udongo uliobaki ndani. Vidonda vya wakimbizi alivishona hivyo vyote, ili foleni iende. Siku ya nane taya za Calixte zilikaza. Siku ya kumi alizikwa.

Muuguzi Melania alimweleza mjane, Inamahoro, bila kumficha. Wadudu wa pepopunda hawastahimili hewa. Oksijeni ikiingia ndani ya kiumbe huzaa sumu. Miili yetu ina vitu vya kuizima, wao hawana, basi inawaunguza. Kwenye udongo hulala tu, wakingoja mahali pasipo na hewa. Dismasi aliwashonea nyumba isiyo na dirisha.

Inamahoro alimkuta Dismasi anakunywa chai.

"Dismasi, hewa uliyokinyima kidonda cha mume wangu, na wewe ikukatae," alimwambia, kisha akarudi kupika.

Jioni hiyo hewa ilianza kumuunguza Dismasi. Ilimtoa malengelenge puani, halafu kooni. Alijifungia stoo ya bandeji, akaziba nyufa zote kwa plasta. Mshumaa aliouwasha ulikula hewa ya ndani mpaka ukazimika, yeye akapata nafuu. Lakini kila mlango ulipofunguliwa alilia. Inamahoro alikuja kuufungua mara nne kwa siku. Hakuwa na shida ya bandeji. Moyo wake ulikuwa unafurahi, na aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo.

Jumatatu wavuvi wawili walimfunika turubai, wakampeleka kilindini kwa mtumbwi. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika maji hayana hewa, hata samaki hawafiki. Walimfunga mawe mawili, akawashukuru, akashuka. Yuko huko mpaka leo, mzima. Mkewe humshushia barua ndani ya chupa.

Jumanne alikuja dresa mpya. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Candide, mama aliyechanwa na bati kisiginoni, udongo ukiwa bado ndani. Dresa akatunga uzi kwenye sindano.

"Usishone, baba," Inamahoro alisema. "Kioshe vizuri, ukiache wazi kipate hewa."

"Mama, umeiona foleni?"

Inamahoro aliitazama. Ilifika hadi kwenye bomba la maji.

"Ego, nimeiona," alisema. "Na wewe unaitwa nani?"

"Pastory," alijibu, akaanza kushona.