Mtumbwi wa Pelagia

...na maji yanaingia tu, si mengi, yanapenya pale ubavuni ambapo fundi wa Kigera alisema pamba aliyozibia itavimba yenyewe ikilowa, asiwe na wasiwasi, haya, Pelagia hana wasiwasi, anachota kwa dumu lililokatwa na kuyarudisha ziwani, ziwa linamletea mengine, na pale juu ya mawe Dotto, mvuvi wa kambi hii ya kisiwani, amejikunyata ndani ya koti la mvua anamtazama, mama, chota taratibu, utalimaliza ziwa na sisi tunalitegemea, wenzake wanacheka, naye anacheka, ajabu, mjane mwenye watoto watatu nyumbani na upepo wa kung'oa mabati, badala ya kushika rozari anacheka, moyo unamdunda kama msichana aliyeitwa jina siku ya mahafali, kwa sababu tangu alipopandisha tanga asubuhi pale Musoma, kilima cha Mukendo kikawa kinapungua nyuma yake, hakuna aliyemwita mama naomba hiki, mama kalamu imeisha, mama Brian kanipiga, ilikuwa kamba mkononi na kasia la usukani kwapani, na tanga lilipojaa upepo, mtumbwi mzima ukaruka mbele kama ng'ombe aliyefunguliwa, akapiga kelele, peke yake katikati ya maji, mtu mzima, kisha wingu likaja kutoka upande wa Ukerewe, jeusi, naye hakubishana nalo, akageuza akaingia huku nyuma ya kisiwa kama marehemu mumewe Masatu alivyozoea kufanya, wakati ule ndoa ingali mpya wakivusha muhogo, Masatu akajilaza juu ya magunia, shika hapa, akasema, mimi nalala kidogo, na akalala kweli, akamwachia Pelagia, mtoto wa wakulima wa Bugwema, mtumbwi na roho zao wawili, alikuwa mvivu yule, Mungu amrehemu, lakini kila alipolala yeye Pelagia alijifunza kitu... simu inalia kifuani, ndani ya nailoni, ni Gloria, mtoto wake mkubwa, mama uko wapi, nimejikinga kisiwani, mmekula, mama sikusikii, nasema umebandika chakula, ndiyo mama, ila baba mdogo kaondoka, kaondoka kwenda wapi, na boti ya injini, yeye na Felisian msaidizi wake, anasema umekwama, anakuja kukuvuta, na upepo unayakata maneno, alikuwaga anasema tangu jana, mama, kwamba mwanamke hawezi... mtandao umekwenda.

Kukuvuta. Pelagia amebaki na dumu mkononi, maji yanamfika vifundoni na hayachoti, kukuvuta, amesikia vizuri, na huyo Baltazar, shemeji yake, anajua anachokifanya, maana ndiye aliyesema kwenye kikao cha ukoo, baada ya matanga ya kaka yake, kwamba mtumbwi usio na mwanaume ni kuni, apewe yeye, shemeji arudi kwao Bugwema akalime, watoto watatumiwa samaki, na Pelagia, ambaye alikuwa anagawa chai, akaweka birika chini akasema mtumbwi nitauendesha mimi, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, ndipo wakubwa wakasema ili kumaliza maneno, sawa, uko kwa fundi Musoma, akauchukue, akiuleta mpaka mwaloni kwetu, mitumbwi inapotua, peke yake ni wake na wanawe, akivutwa, akisaidiwa, ni wa Baltazar, na yeye akajibu sawa, haraka haraka, kabla hajaogopa... kwa hiyo kamba ya Baltazar ndiyo jembe la Bugwema, ndiyo Gloria kuacha shule, basi aondoke sasa, sasa hivi, kabla yule hajafika, na mikono imeshaanza, inafungua fundo kwenye jiwe, tanga dogo tu, nusu tanga, atapita kule kwenye... anatazama kule, nje ya mawe, mawimbi yamesimama meupe, na anajiona anavyokwenda, vizuri, kwa kasi, mpaka pale ambapo hajioni tena, eh, Pelagia, mtumbwi utakuwa wako na watakuzika nao, anarudisha fundo, anafunga la pili juu yake, anakazia kwa mguu, kusubiri nako anafanya mwenyewe, nani anamsaidia kusubiri, hakuna, na furaha haijapungua, imeongezeka, anaokota dumu, anachota.

Mlio wa injini, unakohoa, maficho haya ya Masatu hata mdogo wake anayajua, hao wanaingia wanarushwarushwa, Baltazar ameshikilia ubao kwa mikono miwili, nguo zimemganda mwilini, shemeji, pole sana, tumekuja, kukitulia tu nakufunga nyuma twende, kwani nilikuita, shemeji, aa, sasa ugomvi wa nini, huogopi wewe, naogopa, anasema Pelagia, na nimefika kabla yako, Dotto anacheka chini ya koti, na Justina mpishi wa kambi anagonga sufuria kwa mwiko, maana giza limeanza na hapa siku ya upepo chakula kinagawiwa kwa chombo, kila nahodha anataja watu wake, chombo kisichojibu ndicho kitakachotafutwa, mtumbwi wa Dotto, wanne, wapo, mtumbwi wa Bernado, watatu, wapo, boti ya Baltazar, watatu, anasema Baltazar, mimi, Felisian na huyu shemeji, anasema kwa upole kabisa, na Pelagia anauona upole huo ulipolenga, akila kwa hesabu yake leo, kesho mwaloni itasemwa alikuja naye, mashahidi hawa hapa wote wanasikia, na njaa inamuuma, harufu ya sato inamwingia mpaka kwenye magoti, wawili, anasema, sauti inatoka kubwa kuliko alivyopanga, boti hiyo ina watu wawili, mtumbwi wa Pelagia, mmoja, yupo... mwiko wa Justina umesimama hewani, anamtazama Baltazar, anamtazama Pelagia na miguu yake iliyolowa, mmoja, anarudia Justina, anamkatia ugali wa muhogo, anaweka sato juu yake, sahani ya peke yake, nahodha, pokea, wa moto huo, kisha anahesabu kwa macho kuzunguka moto, upepo unapiga mawe vilevile, na anasema wote wapo, kuleni.