Pembe za Ng'ombe wa Choma

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, tarehe 12 Machi 1975, kiwanja kipya cha ndege cha kijiji cha ujamaa karibu na Choma kilionekana: mstari mwekundu katikati ya pamba. Ndani ya ndege walikuwa wawili, rubani Lukumani na Mzee Ng'washi, mfugaji wa kijiji hicho aliyevuka mto kwa mtumbwi na kufika Tabora jana yake kuomba msaada. Binti yake, Koleta, alikuwa kijijini katika uchungu wa uzazi siku ya pili. Mafuriko yalikuwa yamebomoa daraja. Gari lisingeweza kumfikisha hospitali ya Kitete, Tabora.

Lukumani hakuwahi kutua hapo. Karatasi yake ya maelezo ya kiwanja ilisema upana ni mita thelathini, sawa na viwanja alivyovizoea. Kwa wembamba wa mstari ule, alijiona yuko juu mno. Akapunguza nguvu ya injini.

"Unashuka haraka," alisema Ng'washi.

"Bado tuko juu, mzee."

"Juu? Mimi naona pembe."

"Pembe za nini?"

"Za ng'ombe wangu, pale ukingoni. Ng'ombe wa mbali ana rangi tu. Akisogea, unaona nundu. Ukiona pembe, mtupie jiwe, litamfika. Au ninyi wa mjini mnangoja awapige teke?"

Lukumani aliwatazama ng'ombe. Walionekana wakubwa kuliko walivyopaswa kwa umbali aliodhani. Akaongeza nguvu, magurudumu yakang'oa tawi la miiba kwenye uzio wa kiwanja, ndege ikapanda.

Wakizunguka, aliuliza, "Kiwanja mlikipima upana gani?"

"Tuliambiwa hatua thelathini. Lakini pamba ya kijiji ilikuwa imeshachipua. Nani angeing'oa? Tukakata nusu. Urefu hatukuugusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na magurudumu yako niliyapima kwa macho jana. Yanaenea."

Jicho lililozoea kiwanja kipana hukiona chembamba kana kwamba ni kipana kilicho mbali. Lukumani alifundishwa hilo darasani. Hakuwahi kukutana nalo angani.

"Mzee, safari hii wataje ng'ombe wako kwa sauti. Usiwahi, usichelewe."

"Rangi," alisema Ng'washi. Kisha, baada ya muda, "Nundu."

Lukumani aliizuia ndege isishuke zaidi kabla ya uzio. Neno "Pembe" lilitamkwa walipokuwa wameshavuka uzio.

Magurudumu yaligusa udongo saa nne kasoro dakika nane. Koleta alipakiwa kwa machela. Saa tano na robo alipokelewa Kitete. Mtoto alilia saa saba na dakika ishirini.