Miso ya Watu Wawili

Kaka alinipigia asubuhi, povu la dawa ya meno bado limenijaa mdomoni. Akasema harudi. Huko alikohamishiwa kufunga majokofu amepata mwanamke mwingine, wameshaanza kuishi pamoja, na vile vyumba alivyopanga na mchumba wake, basi, abaki navyo mchumba.

"Mwambie wewe," akasema. "Wewe una maneno. Mchekeshe kidogo, atapoa."

Yaani kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo usio na breki kwenye familia, nikageuzwa gari la maiti.

Kabla sijasuuza mdomo, wifi huyo mlangoni, kikapu mkononi, meno yote nje. "Twende bwana! Jumamosi mtu wangu anarudi na jikoni sina hata chupa ya sosi."

Nikasema nitamwambia njiani. Njiani nikasema nitamwambia dukani. Nisipomwambia, atampikia mtu asiyekuja. Nikimwambia, sina wifi tena.

Wifi hali nyama, samaki, mayai, maziwa, wala asali. Mapishi ya Kijapani alijifundisha mwenyewe kwa sababu ya mambo ya soya na mboga, na kaka alikuwa akilamba bakuli mpaka unalionea huruma bakuli. Duka la vyakula vya nje lina rafu nzima ya vitu hivyo. Wifi huisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Sosi hii safi. Soya, ngano, chumvi, maji. Hiyo ya kuchovyea tambi iache, ina samaki."

"Samaki yupi? Mbona sioni hata mkia?"

"Kakaushwa, kasagwa, wifi yangu." Akageuza pakiti ya unga wa supu. "Huyu hapa tena. Mbele wamechora mboga tupu, ukisoma nyuma unamkuta."

Nikaipokea pakiti, nikairudisha rafuni.

Akachukua mwani mkavu na uyoga mkavu, akasema ukiviloweka pamoja unapata supu nzito kabisa, samaki humkumbuki. Kisha akashika kopo la miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa. Akahakikisha haijachanganywa na supu ya samaki.

"Nichukue kubwa?"

"Dogo," nikasema.

Akainua chupa kubwa ya sosi.

"Ndogo."

"We vipi? Leo umeamkia ubahili?"

"Vitaharibika."

"Miso? Miso inakaa miezi na miezi kwenye jokofu. Na naolewa na fundi majokofu!" Akacheka peke yake. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Huyu hajawahi kuona utani unanipita bila kuudandia.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Niangalie."

Nikamwangalia. "Harudi, wifi. Ana mtu huko. Kanipigia asubuhi."

Hakupiga kelele. Aligeuza kopo, akaanza kusoma tena, taratibu. "Soya. Mchele. Chum—"

"Asubuhi," akasema. "Na mimi njia nzima nakupigia hadithi za mapazia."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Kwa nini hakunipigia mimi?"

"Alisema nina maneno."

"Haya. Yaseme."

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyewahi kumchekesha daktari wa meno huku koleo lake limo kinywani mwangu, sikupata hata neno. Yakatoka machozi. Yangu, kabla ya yake, aibu iliyoje. Ikabidi mwenye msiba anifute mimi shavu kwa kiganja.

"Acha, mdogo wangu," akasema, na hapo hapo akasita, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Ah. Sasa mimi na wewe tutaitana nani?"

Nilitaka kumwambia wifi ni wifi, kaka aende zake na majokofu yake. Lakini yeye ndiye aliyetuunganisha. Tungebaki nini? Watu wawili wanaosalimiana sokoni, mmoja wao akiuliza habari za nyumbani kwa kusitasita.

Muuzaji akapita, akatuuliza kama tumeshachagua.

"Bado," wifi akamjibu.

Akaketi pale pale sakafuni, kati ya rafu na rafu, kopo mapajani, akalia kama mtoto. Nikaketi ubavuni mwake. Watu walitaka kupita. Tukawaacha wazunguke.