Vipande Vinne, Pipa Moja

Bilauri ya nne ilikuwa mkononi mwangu na nilikwisha kuamua kusema uongo. Ghala letu la chini ya nyumba lilikuwa baridi kama siku zote, mapipa ya mwaloni yamejipanga gizani, na baba, mzee Firmin, ameketi juu ya kigoda akiningoja kama hakimu. Kaka yangu Gaspard, ambaye zamu yake ya kuonja ilikuwa imepita, alikuwa ameegemea mlango akila jibini.

"Haya, Odile," baba akasema. "Hii imetoka kipande gani cha shamba?"

Niliuzungusha mvinyo mdomoni, nikautema kwenye ndoo. Ulikuwa wa Corvelle. Ningeutambua hata ningekuwa na mafua.

"Mardelle," nikasema.

Tulikuwa na vipande vinne vya shamba, vyote kwenye mteremko mmoja, vyote vya zabibu ile ile nyeupe, na mtu angeweza kuvizunguka vyote mkate ukiwa bado tanuuni. Lakini kila kimoja kilikuwa na tabia zake, kama watoto wa tumbo moja. Corvelle, kule juu, udongo wake ni ganda tu lililofunika mawe ya chokaa, na mvinyo wake ni mwembamba, mkali, una chumvi kwa mbali. Grand-Noyer, katikati, hushinda juani kutwa. Ukinywa mvinyo wake unasikia lozi na siagi. Mardelle iko chini kabisa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, na mvinyo wake ni mnene, wa kunukia, hauna haraka na mtu. Croix-Morte imejificha kivulini nyuma ya machimbo ya zamani, na mvinyo wake hununa mwaka mzima kabla haujakubali kusema na wewe. Huo ndio nilioupenda mimi.

Hayo sikufundishwa kwa maneno. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akituokotea mawe shambani, anatupa tuyalambe. Gaspard aliyatumia kuwapiga kuku. Mimi niliyalamba, mjinga mimi, nikaanza kuyatofautisha, na tangu hapo macho ya baba hayakunibanduka.

Desturi ya nyumba yetu ni kwamba anayevitambua vipande kwa ulimi ndiye anayevaa ufunguo wa ghala, na akishauvaa haondoki. Asipopatikana mtu, mvinyo wote humiminwa pipa moja, ukauzwa kwa jina la kijiji tu, na majina ya vipande yakafa. Gaspard aliutaka ufunguo ule kwa moyo wake wote. Mimi nilitaka jiji la Lyon. Nilikuwa nimepata kazi ya kushona mavazi ya jumba la maigizo, na chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama mto. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa tayari. Mama alikuwa ameshafariki, na nyumba ile ilinibana kifua. Kuna asubuhi niliamka, nikafungua dirisha, nikaona mizabibu, nikalifunga tena.

Kwa hiyo nilisema uongo, tena kwa bidii. Mwembamba nikauita mnene, mnene nikauita mwembamba. Ule ulioshiba jua nikauita wa kivulini, na wa kivulini nikaubandika jina la Grand-Noyer. Sikutaka kubakisha shaka yoyote.

Baba alipotaja majina ya kweli, Gaspard alicheka mpaka akapaliwa na jibini. "Ama kweli! Mwenye ulimi wa dhahabu! Mimi angalau nimepata kimoja."

"Umepata kimoja," baba akakubali, lakini alikuwa akinitazama mimi. "Gaspard, hebu nenda juu ukautazame moto."

"Moto unawaka, baba."

"Basi katazame unavyowaka."

Alisubiri hadi vishindo vya kaka vikaisha kwenye ngazi.

"Kaka yako hajui kitu, maskini," akasema. "Ndiyo maana kapata kimoja. Asiyejua anabahatisha, na anayebahatisha hapo katikati ataokota kitu. Wewe umekosa vyote. Tena kila kimoja umekipa jina la kile kisichofanana nacho hata chembe. Kukosa namna hiyo, binti yangu, lazima uwe unajua sana."

Nilikuwa nikiitazama ndoo.

"Ungechanganya viwili tu, Grand-Noyer na Mardelle, kama wanavyochanganya watu wote, ningeamini. Ningekuacha uende zako."

Akauvua ufunguo shingoni, akauweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Ulikuwa bado na joto la kifua chake. Nilimchukia saa ile. Nilijichukia zaidi mimi, kwa sababu alipokuwa akisema najua sana, sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi.

Watu huniuliza kwa nini sikumrudishia nikapanda treni. Mlango haukufungwa, na baba hakuwa na nguvu za kumzuia mtu. Lakini alikuwa ameniona hadi ndani, na nilikosa pa kutokea. Sanduku nililifungua jioni ile ile, nikazitundika nguo zangu kabatini.

Baba akafa. Gaspard akawa dereva wa trekta letu, na ilimchukua miaka mingi kunisamehe kwa kupewa nisichokitaka. Nikaolewa na mvunaji mmoja, Blaise, aliyependa kila kitu hapa kwetu isipokuwa majira ya baridi. Akaondoka, akaniachia binti. Lyon nilifika mara chache, kupeleka makasha ya mvinyo, na kando ya mto nilipita bila kuyainulia macho madirisha.

Binti yangu Apolline nilimsimulia kisa cha bilauri zile tangu akiwa mdogo, jikoni, kama kichekesho, nikiiga sauti ya babu yake. Alicheka kila mara. Alipokua akataka kwenda pwani ya Brittany kutengeneza mitambo ya upepo, ile minara mirefu inayosimama baharini, na alipokuwa akiieleza alisahau kula.

"Kwanza aonje," Gaspard akasema. "Desturi ni desturi."

Tukashuka ghalani, mimi nikakaa kwenye kigoda. Apolline akaonja polepole, akatema. Corvelle akaipata. Croix-Morte akaipata. Grand-Noyer akaiita Mardelle, na Mardelle akaiita Grand-Noyer, wala hakupepesa jicho.

"Lo! Kidogo tu!" Gaspard akasikitika, akajipiga paja.

Apolline alikuwa akiitazama ndoo.

"Umechanganya viwili," nikamwambia. "Kama watu wote."

"Samahani, mama."

"Nenda zako, mwanangu."

Mavuno yaliyofuata nilivimimina vyote vinne pipa moja. Hakuna aliyenilazimisha, ulimi wangu ulikuwa bado mzima, na ningeweza kuvitenga hadi siku ya kufa kwangu. Lakini nilijua vikiendelea kukaa mbalimbali, kila kimoja na jina lake, siku moja vitamwita Apolline arudi. Gaspard alilia waziwazi, mzee mzima, kofia mkononi. Zamu ya Croix-Morte ilipofika, niliuonja kwanza kwa mara ya mwisho.

Krismasi ya mwaka wa pili Apolline akaja, uso umebabuka kwa upepo wa bahari. Nikammiminia mvinyo ule bila kumwambia kitu. Akapiga funda huku akitueleza habari za minara yake, akameza, akapiga jingine, na katikati ya sentensi akakunja uso.

"Mama, mbona Mardelle imeikalia Grand-Noyer hivi? Hata lozi zake sizisikii."

Kisha akaishusha bilauri. Gaspard akaweka uma wake mezani taratibu, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nilihisi ufunguo ukinigusa kifuani chini ya sweta.

Nikamsogezea mkate.

"Kula, mwanangu," nikasema. "Supu inapoa."