Taa Isiyoona Baiskeli

Kwa miaka tisa Hakimu aliamini kwamba taa ya njia panda ilikuwa ikimngoja yeye. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alitoka katika karakana ya meno ya bandia na sanduku la bati likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli kwa kipande cha mpira, akateremka barabara ndogo iliyojaa viraka, akafika penye mstari mweupe na kutua mguu mmoja chini. Taa ilikuwa nyekundu. Kabla hajamaliza kikohozi chake cha asubuhi, iligeuka kijani. Akavuka barabara kuu, na siku ikawa imeanza.

Kisha kiwanda cha magodoro kikafungwa, na taa ikaacha kumngoja.

Ilimchukua wiki tatu kuelewa. Basi la wafanyakazi wa zamu ya usiku ndilo lililokuwa likija kusimama nyuma yake saa ileile, na chini ya lami palikuwa na waya unaohisi chuma. Basi lilikuwa na chuma kingi. Baiskeli, pamoja na sanduku na seti sita za meno ya plastiki, haikufua dafu. Kwa miaka tisa taa haikuwa imemwona hata siku moja. Watu wengine hupata habari za namna hiyo kuhusu ndoa zao. Yeye alizipata kuhusu taa, na hakuona kwamba zake ziliuma pungufu.

Sasa alisimama. Dakika nane, siku nyingine kumi na tano, mpaka gari lolote, hata la mtu aliyepotea njia, lije litue nyuma yake. Alikwishajaribu kushuka na kuisukuma baiskeli kama watembea kwa miguu, lakini alama yao ya kijani nayo huwaka pale tu barabara ndogo inapopewa zamu, na barabara ndogo haipewi zamu bila gari. Magari ya barabara kuu hayakuwa mengi saa hiyo. Palikuwa na mapengo ambayo ng'ombe angeyavuka huku akicheua. Ila taa ilikuwa nyekundu, na Hakimu hakupita nyekundu.

Jina hilo alibandikwa na Msasa, mwanamke aliyeng'arisha meno katika karakana, ambaye naye alibandikwa lake na kazi yake.

"Jana ulihukumiwa dakika ngapi, Hakimu?" alimuuliza siku ya Jumanne, bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu la kung'arishia.

"Kumi na mbili."

"Pamoja na kazi ngumu?"

"Kusimama tu."

"Basi kata rufaa, baba. Hata wezi hukata."

Ukutani, juu ya kichwa cha Msasa, palikuwa na tangazo la mwenye karakana: msambazaji atasimama penye kila taa nyekundu. Liliwekwa baada ya msambazaji aliyemtangulia Hakimu kupita nyekundu na kugongwa na teksi. Alipata mteguko wa mkono, basi. Lakini sanduku lilifunguka, na meno ya watu wanne yakatawanyika barabarani, na wapita njia walioyaona wakakata tamaa mapema kuliko ilivyohitajika. Wahudumu wa gari la wagonjwa walitumia muda mrefu wakimchungulia mdomoni.

Hakimu hakusimama kwa ajili ya tangazo. Hakuona utakatifu wowote katika taa nyekundu. Aliwahi kuona waya zake zikitolewa tumboni kama matumbo ya kuku. Aliamini jambo dogo zaidi: kwamba mtu anayevuka bila kugeuza shingo amewaamini watu asiowajua, na kwamba imani hiyo ikivunjwa na kila mwenye haraka, itabidi kila mtu ageuze shingo maisha yake yote. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kugeuza shingo.

Siku hiyohiyo ya Jumanne mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mama Meno, alimwita kwenye meza yake, katikati ya vinywa vya mfano vilivyofinyangwa kwa plasta, vilivyokuwa wazi kana kwamba vyote vilitaka kuchangia.

"Daktari wa kliniki amepiga simu," alisema. "Jana mzee wa watu alikaa kitini bila meno tangu saa moja mpaka saa moja na dakika kumi. Alikuwa anakwenda kumwozesha mjukuu wake."

"Taa, mama."

"Najua taa. Daktari hajui taa. Amesema tukichelewa Ijumaa, kazi anapeleka kwingine. Na yeye ndiye nusu ya kazi yetu. Kuna kijana wa pikipiki amekuja kuniuliza mara mbili."

"Nitoke mapema?"

"Na meno utayatoa wapi? Yanatoka kwenye maji ya moto saa kumi na mbili, yanang'arishwa nusu saa. Au uwapelekee yakiwa na makali?"

"Kwa hiyo nipite nyekundu."

Mama Meno alisogeza kinywa kimoja cha plasta kando, kisha akakirudisha.

"Sikuambii upite," alisema. "Nakuambia ufike."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Una miaka hamsini na mmoja, baba watoto. Nani atakupa baiskeli nyingine?"

"Kwa hiyo nipite?"

"Mimi nimesema hivyo? Nenda kwa kaka yangu. Taa si ndizo kazi yake?"

Shemeji yake alikuwa fundi wa taa za barabarani katika halmashauri, mtu mnene, mwenye heshima, aliyezungumza juu ya njia panda zake kama mfugaji anavyozungumza juu ya mifugo isiyougua. Alikubali kuja Jumatano asubuhi. Alikuja kwa gari la kazi, lile lenye ngazi juu, akalisimamisha nyuma ya baiskeli. Taa iligeuka kijani papo hapo.

Fundi alichungulia dirishani. "Umeona, shemeji? Nzima kabisa."

"Ni gari lako limeonekana."

"Ndiyo. Taa inaona."

"Rudisha gari nyuma, shemeji. Liache kule kwenye geti la kiwanda, uje kwa miguu."

Fundi aliona jambo hilo si la kitaalamu, lakini undugu ni mzigo. Aliliacha gari, akaja, wakasimama wawili na baiskeli moja katikati yao. Zilipita dakika nne. Barabara kuu ilikaa tupu kwa muda mrefu, ikapita lori moja, ikawa tupu tena. Mwanamke mmoja mwenye kikapu aliivuka barabara ndogo mbele yao, akatazama mwanamume mzima na mwanamume mzima zaidi wakiwa wamesimama pasipo na kitu, akaharakisha mwendo. Dakika ya tisa fundi alianza kuitazama saa yake. Dakika ya kumi na moja aliitazama taa kama mtu anayetazama mtoto wake akidanganya mbele ya wageni.

"Waya umelegezwa," alikiri. "Ukikazwa utahisi hata baiskeli. Ni kazi ya nusu saa."

"Ikaze basi."

"Siwezi kufungua sanduku la taa bila fomu ya malalamiko. Na fomu lazima ijazwe na mwenye chombo, pamoja na namba ya usajili wa chombo."

"Baiskeli haina namba."

"Ndiyo maana hakuna malalamiko ya baiskeli," alisema fundi, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini njia panda ile haikuwa na tatizo.

Hakimu alimgeukia. "Wanasema sheria ni msumeno, shemeji, hukata mbele na nyuma. Huu wako mbona unakata upande wangu tu?"

"Usinichokoze asubuhi yote hii."

"Nakuuliza wewe, uliyezifunga hizi taa kwa mikono yako. Taa isiyojua kwamba nipo, inaweza kuniamuru?"

Fundi alipangusa jasho ambalo halikuwa la joto. "Kama mtumishi wa halmashauri, sina la kukuambia."

"Na kama shemeji?"

"Kama shemeji, nina haraka," alisema fundi, akarudi kwenye gari lake. Lilipofika nyuma ya baiskeli taa ikawa kijani, na Hakimu akavuka kwa sababu ya shemeji yake, kama alivyovuka miaka tisa kwa sababu ya basi.

Alhamisi alivushwa na gari la maziwa, akafika saa moja na dakika sita. Daktari hakusema kitu, alikuwa ameshasema.

Ijumaa alifika penye mstari mweupe saa kumi na mbili na dakika arobaini, akatua mguu. Taa ilikuwa nyekundu. Nyuma yake barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye geti la kiwanda, ambalo sasa lilikuwa na mnyororo na kufuli. Alihitaji dakika kumi na saba kufika kliniki, na mwisho wa kufika ulikuwa saa moja. Ziada yake ilikuwa dakika tatu. Alisubiri ya kwanza akifikiri juu ya mkewe, ya pili akifikiri juu ya kijana wa pikipiki, ambaye bila shaka naye alikuwa na mke. Aligundua kwamba wiki nzima alikuwa amezunguka akitafuta mtu mmoja wa kumwambia "pita", na kwamba kila mtu alitaka apite, na hakuna aliyekuwa tayari kulitoa neno hilo kinywani. Walitaka dhambi ifanyike, ila ifanywe na yatima.

Dakika ya tatu ilipokwisha alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Hakukuwa na kitu. Akakanyaga pedali, akavuka.

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililomuudhi. Alitegemea angalau honi.

Kliniki alifika saa moja kamili. Mpokezi alizihesabu seti, akafungua kitabu cha makabidhiano, kile ambacho msambazaji hujaza saa ya kutoka, saa ya kufika, na maelezo. Safu ya maelezo ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Hakimu aliomba kalamu. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule: Nimepita taa nyekundu.

Mpokezi alisoma akiwa amekigeuza kichwa. "Hii inahusu nini, mzee?"

"Saa ya kufika."

Jioni kitabu kilirudi kwenye meza ya Mama Meno, kwa sababu ukurasa wa kila siku ulisubiri sahihi yake, na kwa desturi yake alitia sahihi akizungumza na simu. Siku hiyo kalamu ilisimama hewani. Aliiweka simu chini.

"Futa hii."

"Ni wino, mama."

"Kwa nini umeandika?"

"Hukuniuliza nilivyofika."

Msasa alizima gurudumu lake, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya saa kumi na moja.

"Ukigongwa," alisema Mama Meno, "hiki kitabu kitasomwa mbele ya watu."

"Kitasomwa."

"Na sahihi yangu itakuwa hapo chini."

"Ukiitia."

Mama Meno alitazama ukurasa kwa muda. Angeweza kumwachisha kazi kwa kupita nyekundu, na Jumatatu angekosa wa kufika kwa wakati bila kosa hilohilo, maana kijana wa pikipiki naye angefika kwa njia hiyohiyo, ila yeye asingeandika. Angeweza kuuchana ukurasa, lakini kurasa zilikuwa na namba. Alionekana kama mtu aliyeamshwa usingizini ili aambiwe jambo alilolijua kabla hajalala. Hatimaye alitia sahihi, jina lote, herufi kwa herufi.

"Hiyo fomu ya shemeji yako," alisema. "Gari langu lina namba."

"Gari lako halijakwama pale, mama."

"Kesho litakwama. Jumamosi sina kazi. Nitalisimamisha hatua ishirini nyuma ya mstari, mahali pasipo na waya, nikae humo mpaka nilalamike kwa haki." Alipangusa plasta kwenye vidole. "Shemeji yako atachukua muda gani?"

"Ni halmashauri, mama. Andika miezi mitatu."

"Na hiyo miezi mitatu?"

Hakimu alikifunga kitabu, akakirudisha ndani ya sanduku. Mama Meno hakurudia swali.

Jumatatu alisimama, akatua mguu, akatazama pande zote, akavuka nyekundu, akaandika. Jumanne vilevile. Haikuwa rahisi zaidi. Shingo ilianza kumuuma. Jumatano jioni Mama Meno alikisoma kitabu kabla ya kutia sahihi, miwani ikiwa puani.

"Kabla ya kuvuka ulisubiri?"

"Dakika tatu."

"Andika na hiyo."

Hakimu akavuta kiti, akaandika.