Nilivyozivua Herufi Viatu

Maneno yalinifikia kwa jirani yangu mshonaji, nikashindwa kuyameza wala kuyatema: eti binti yangu, kitinda mimba wangu, amechora bango la duka la mikate kwa herufi za makaburini.

"Zile nene, zenye vimiguu," alisema, sindano mdomoni. "Nani atakula mkate wa marehemu?"

Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu ajifunze kuchora mabango. Duka lingefunguliwa saa nne asubuhi. Mwoka mikate akilikataa bango, nani tena angempa mwanangu kazi?

Nikadamka na kitambaa na mafuta ya taa, mpaka karakana yake. Bango limeegemezwa ukutani, rangi nyekundu bado mbichi: MIKATE YA MOTO. Kweli herufi zilikuwa nene kama nguzo, kila moja imevalishwa viatu vidogo chini. Nikafuta viatu vya M, vya I, vya K. Roho ikatulia. Nikarudi nyuma hatua tano nitazame. Mama yangu! Zile tatu zilisimama kama watu waliopigwa kikumbo.

Binti akaingia. "Shikamoo Ma... Mama! Umezikata miguu?"

"Nimezitoa kaburini, mwanangu."

Nilidhani atalia. Alicheka hadi akakalia kopo la rangi.

"Hata makaburini walizipendea hilohilo, hazichoki kusimama. Unene ni sauti, Mama, mtu wa mbali asikie. Vimiguu vinazikalisha kwenye mstari. Na hapa palipo pembamba ndipo zinapopumulia. Pasipokuwepo, herufi inakuwa gogo."

Akanipa brashi. "Aliyevua ndiye atakayevisha."

Akanishika kiwiko, nikavuta vimiguu vya M, kisha vya I. Cha K kikapinda.

"Kiache," akasema. "Huyo anacheza."

Saa nne bango likapandishwa. Mwoka mikate, mikono imejaa unga, akavuka barabara kulitazama. Akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Bibi mmoja aliyesimama karibu naye akafinya macho.

"Miwani nimeisahau nyumbani, lakini hata mimi naona mikate ya moto! Fungua, mwanangu, unangoja nini?"

Mwoka mikate akapiga makofi, unga ukaruka. "Binti, nichoree na la mlango wa nyuma!"

Kwenye foleni nikamkuta mshonaji, anatafuna.

"Hata wewe umekuja kula mkate wa marehemu?"

"Jirani, marehemu huyu ananukia!"

Basi, wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kufuta kazi ya mtoto kabla ya kumuuliza.

Kuzivua viatu herufi nene. Zitayumba.

Kuzitumia kwenye maandishi madogo, kama karatasi ya dawa. Matundu yake yataziba, na mgonjwa atakosea vidonge.

Kuzibananisha. Mnene anataka nafasi.

Kumwamini mtu mwenye sindano mdomoni.