Yai la Shahidi

Pale chuoni kila mtu alimwita Mzee Angusha, na mwenyewe hakuona vibaya, maana kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kuangusha makasha yajulikane kama ni imara. Miaka arobaini mtu analipwa kuangusha vitu, na bado mkewe nyumbani anamgombeza akivunja kikombe!

Jaribio la mayai lilikuwa na sheria yake. Kabla ya kufunga kasha, alivunja yai moja kwenye bakuli, watu wote waone kuwa ni bichi. Wanafunzi waliliita yai la shahidi. Sheria aliiweka Profesa mwanzilishi, na Mzee Angusha aliifuata tu, akidhani ni ukorofi wa wasomi.

Sasa Shule ya Ufungashaji ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Mwalimu mmoja kijana, binti mwenye maswali kushinda polisi, alipewa kazi ya kuandika historia yake. Akaja maabara na daftari.

"Shikamoo, Mzee. Nipe habari za siku ya mayai."

"Marahaba. Si umeshaisikia?"

"Nimeisikia kwa watu. Wewe ulikuwepo."

Hadithi yenyewe ilijulikana na kila mtu. Shule ilianzia kwenye stoo ya mbolea: profesa mmoja, fundi mmoja, ndiye huyu Mzee Angusha, na wanafunzi wanne. Wakubwa wa chuo waliwacheka, eti tangu lini mtu akasomea kufunga mizigo? Profesa hakubishana nao. Aliwaita uani, akapanda ghorofa ya pili na kasha la kadibodi alilolikata fundi wake, ndani mayai sita, akaliachia. Likatua puu! Kufungua, mayai yote mazima. Wiki ileile shule ikapewa kibali.

"Ndivyo ilivyokuwa," Mzee Angusha akasema, akajitia anatafuta gundi.

Maana mayai yale aliyachemsha yeye mwenyewe. Asubuhi ile roho ilikuwa mkononi: kasha likishindwa, Profesa ataumbuka mbele za watu kwa kazi ya fundi wake. Akaona heri yachemshwe, liwalo na liwe, angalau hayatachuruzika. Halafu yakatoka bila hata ufa, watu wakapiga makofi, hakuna aliyefikiria kuvunja hata moja, na yeye akaufyata. Miaka yote hiyo! Profesa ameshazikwa, na uongo wake fundi sasa unataka kupigwa chapa na kuvishwa jalada la rangi.

Siku tatu chakula kilikuwa hakipiti. Ya nne akaenda kwa Mama Profesa, mjane wa marehemu, akamkuta anakunja nguo. Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni.

"Nikisema, Mama, nitamchafua marehemu. Nisiposema, binti wa watu ataandika uongo. Nifanyeje?"

Mama Profesa aliangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Wewe fundi, wewe! Unadhani mayai yale yalikwenda wapi? Aliniletea mimi. Jioni nimeshatia mafuta kwenye kikaango, nagonga la kwanza, gumu. Nagonga la pili, vilevile!"

Mzee Angusha alitafuta kiti. "Kumbe alijua?"

"Siku ileile. Jumapili akachukua kasha jingine ulilokata wewe, mabichi sita, akapanda kwenye paa, mimi nimesimama chini. Halikupasuka hata yai moja. Akarudia mara tatu. Kasha lako lilikuwa zima, fundi. Ni wewe tu hukuliamini."

"Mbona hakuniambia?"

Hapo kicheko kilimwisha. "Alisema, 'Aliogopa kwa ajili yangu. Atakuja kuniambia mwenyewe.' Akangoja. Kila ulipokuja hapa nyumbani alinikonyeza, kwamba leo atasema. Hata ulipokuja kumwona akiumwa."

Mzee Angusha alikumbuka ile sheria ya bakuli, na kwamba ilianza Jumatatu iliyofuata, na kwamba Profesa alimkabidhi yeye na si mtu mwingine. Alilia bila kujificha, na Mama Profesa akampa khanga iliyokuwa mikononi mwake ajifutie.

Siku ya sherehe uani palijaa. Shule sasa ilikuwa jengo la ghorofa tatu lenye mashine za kutikisa mizigo, lakini watu walitaka kuona kasha likiangushwa kama zamani. Binti mwalimu alikuwa mbele na daftari lake. Mama Profesa aliketi, kiti cha kando yake kikiwa kitupu.

Mzee Angusha alivunja yai la shahidi. Kiini kikamwagika bakulini, watu wakashangilia, wakamngoja apande ngazi. Hakupanda. Aliinua bakuli, akakigeukia kile kiti kitupu.

"Profesa," akasema, "nimechelewa. Mayai yale niliyachemsha mimi."